Barafu Mingi, Barafu Nyingi

Swali mnaloniuliza vijana ni lilelile kila mara: "Mzee Sefu, huko Antaktika kulikuwa na baridi?"

Nimepakia ndege karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimening'inia kichwa chini miguu juu ndani ya ndege iliyopinduka kule mwisho wa dunia ambako hata kunguru hafiki. Na ninyi mnataka kujua kama kulikuwa na baridi. Ndiyo, wajukuu zangu, kulikuwa na baridi. Tumemaliza hilo. Sasa kaeni niwaeleze jambo lenye maana: jinsi mshonaji mmoja wa Bukavu alivyokaribia kupoteza kazi na jina lake kwa sababu ya neno moja la Kiswahili. Neno lenyewe wazazi wenu wamelinyonya kwenye vifuko vya plastiki tangu utotoni, la ukwaju na la ubuyu.

Nawaandikia hasa ninyi mnaobeba maboksi kwenye maghala ya Midrand, huku Johannesburg, na wale mnaozungukazunguka viwanja vidogo vya ndege mkiomba kazi ya kupakia. Wengine pia mnaweza kusoma. Hamtadhurika.

Kwanza ifahamike kwamba kupakia ndege ndogo si kutupia magunia nyuma ya gari na kupiga bodi kofi, "Twende!" Ndege ndogo ni mizani yenye mabawa. Ukiweka kilo za mbele nyuma, itaondoka vizuri tu, kisha itakumbuka kosa lako ikiwa hewani. Aliyenifundisha hayo ni mama mmoja wa Kizulu tuliyemwita Ma Dolly, mnene, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na mizani yake mwenyewe na hakuruhusu mtu mwingine kuigusa. Nilipofika kutoka Tanga nilidhani najua mizigo kwa sababu nilikulia sokoni. Siku ya kwanza akaja bwana mmoja na begi, akasema, "Nguo tu, mama." Nikalichukua niliweke ndani. Ma Dolly akaniambia, "Lishushe." Nikalishusha. Nguo zikalia ngo! Ndani kulikuwa na giaboksi nzima imefungwa kwenye taulo.

"Pima mzigo," Ma Dolly akaniambia, "halafu mpime aliyeuleta."

Jingine alilonifundisha ni kufunga. Funga mkanda, uvute. Nenda kanywe chai. Rudi uvute tena. Mzigo ukisikia umeondoka hulegea. Nimehesabu kila kitu mara mbili tangu siku hiyo, mpaka marehemu mke wangu alikuwa akisema nikizaliwa upya nitahakikisha kwanza kama mama ni yuleyule. Siku hizi mna vidubwasha vya kioo, mnagusa kwa kidole na vinawaambia uzito wote umekaa sawa. Vizuri. Lakini kidubwasha kinajua kile ulichokiambia, na wewe umeambiwa na mwenye begi, na mwenye begi amesema nguo tu.

Shikeni hapo, maana ndiko tunakoelekea.

Kampuni moja, jina lake halina faida kwenu, ilikuwa na ofisi Midrand, na kila kiangazi cha huku kusini ilipeleka watu Antaktika kuwahudumia watafiti. Sisi watu wa mikono tulichukuliwa kwa sababu tulikuwa rahisi kupatikana na wagumu kulalamika. Katika kambi kuu tulikuwa watatu tuliozungumza Kiswahili. Mimi. Floribert, fundi cherehani wa Bukavu, aliyekuwa akishona mahema yaliyochanwa na upepo na nyavu za kufungia mizigo. Ukimwona na sindano yake ndefu ungedhani anamtibu mnyama. Na Shomari.

Shomari alikuwa msimamizi wetu. Kwao Kariakoo, shule aliishia darasa la saba kama mimi, lakini alikuwa amejipa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya: kulinda Kiswahili. Tulimwita Bwana Sanifu, yeye akadhani tunamsifu. Mtu anaweza kuwa ameangukiwa na pipa mguuni, analia "Nisaidie, mguu yangu!" Shomari atasimama kwanza. "Mguu wangu."

Na Floribert ndiye aliyekuwa shamba lake. Kila mlo alilima.

"Papa Sefu," Floribert aliniambia mezani siku za mwanzo, "chakula ya leo iko muzuri."

"Chakula cha leo ni kizuri!" Shomari akarukia. "Ki, ki, ki! Mbona mnakiua hivi Kiswahili, nyie watu?"

"Bon. Chakula cha leo ni kizuri," Floribert akasema kwa upole. "Lakini chumvi... Papa Shomari, chumvi iko mu ngeli gani?"

"I-zi."

"Merci. Basi chumvi ni mingi."

"Nyingi!" Shomari akapiga meza kwa kijiko. "Nyingi! Mingi ni miti!"

Tulicheka wote. Floribert naye alicheka. Siku nyingine aliingia akipangusa mabega, akasema, "Neige inaingia mu hema la jenereta, nitashona kule juu." Neige ni neno lao la Kifaransa kwa ile nyeupe laini inayodondoka toka mbinguni. Shomari akamwuliza kama kuna Mfaransa yeyote pale mezani. "Hicho Kifaransa kiache Bukavu, bwana. Hapa sema Kiswahili."

Lakini neno la kuweka mahali pake hakumpa. Angalieni sana watu wa namna hiyo, mtawakuta kila mahali, hata hapa mtaani Hillbrow. Wanakunyang'anya fimbo yako kwa kuwa imepinda, kisha wanaondoka nayo.

Baada ya hapo Floribert akaanza kusema kidogo. Alipima kila neno kabla ya kulitoa, kama mtu anayevuka sakafu iliyomwagika mafuta. Kisha akapelekwa kwenye kambi ndogo ya mbali kurekebisha mahema, na nadhani alifurahi.

Sasa kuhusu ndege yetu. Ilikuwa ndogo, na ilivaa viatu vya aina mbili. Penye barafu ngumu, ile ya buluu inayong'aa kama kioo, inavaa magurudumu. Ukiiwekea ski hapo, zile mbao ndefu bapa za kutelezea, itateleza mpaka kesho. Penye ile laini inavaa ski. Ukiiwekea magurudumu itazama. Kubadilisha viatu hivyo ni kazi ya mafundi, na inafanywa chini, kabla ya kuruka. Ukishapaa na viatu visivyo, huwezi kurudi dukani kubadilisha.

Kiwanja cha kambi ndogo kwa kawaida kilikuwa barafu ngumu. Lakini ilipita dhoruba, na dhoruba ikipita hujui imeacha nini. Siku hiyo ikaja habari kwamba kiongozi wa kambi ile ametumbukia kwenye ufa na kuvunjika mguu, wenzake wameondoka na magari kwenda mbali, na aliye naye ni fundi wa mahema peke yake. Ilibidi aletwe kambi kuu kwa daktari. Rubani wetu, tuliyemwita Kapteni, kijana mwenye miwani ya jua ghali na subira ya bei rahisi, alitaka kujua jambo moja tu: kiwanja kikoje?

Kiongozi alikuwa amemeza dawa za maumivu na anazungumza na watu wasiokuwepo. Floribert Kiingereza chake kilikuwa "yes sir" na "thank you God". Basi Shomari akaketi kwenye redio kuwa mkalimani, kifua mbele. Mimi nilikuwa nje nikifunga machela na mapipa ya mafuta. Maongezi yenyewe niliyapata baadaye, kwa Floribert, na kwa Shomari mwenyewe, ambaye aliyasimulia kwa watu kama kichekesho kabla hajajua kilichotokea.

Shomari aliuliza, "Floribert, kiwanja kina barafu?"

Floribert akatoka nje, akatazama, akarudi. "Ndiyo, Papa. Barafu. Barafu mingi kabisa!"

Na Shomari akasema: "Nyingi. Barafu nyingi."

"Ndiyo, Papa. Barafu nyingi," akajibu Floribert.

Basi. Hayo ndiyo maongezi yote. Kosa la ngeli lilikamatwa, la maana likapita likipunga mkono. Shomari akamgeukia Kapteni, akasema kwa Kiingereza kwamba ni barafu, tena nyingi. Kapteni akatoka nje akipiga makofi. "Magurudumu! Ondoa ski."

Alifurahi, maana ski ni nzito na zinavuta ndege nyuma. Tulikuwa tumebishana asubuhi nzima juu ya kilo. Kila rubani ni mchuuzi wa kilo, nami nimebishana nao wengi: yeye anataka aongeze pipa la mafuta, mimi nataka apunguze begi lake la vitafunio, tunakutana katikati na wote tunajifanya tumepoteza. Ski zilipotoka nikamkubalia pipa la pili. Nikafunga kila kitu. Nikaenda kunywa chai. Nikarudi nikavuta tena.

Nilipanda naye kwa kuwa machela inahitaji mikono minne. Nilikaa nyuma, bila kisikilizio, nikitazama dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe na ardhi nyeupe, na kati yake hakukuwa na mstari. Ni kama kuwa ndani ya glasi ya maziwa. Mwanga wa namna hiyo hauonyeshi kama chini ni pagumu au laini. Rubani mwenye akili huzunguka mara moja chini chini, aangalie, azunguke tena. Kapteni hakuzunguka hata mara moja. Azunguke ya nini? Alishaambiwa.

Chini nikaona mtu mmoja mdogo, amesimama mbele ya mahema, anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa. Alikuwa Floribert. Alikuwa ameona magurudumu. Kapteni naye akampungia.

Tuligusa kwa ulaini hata nikataka kumsifu. Kisha ikawa kama mtu ameshika ndege kwa miguu. Pua ikazama, pangaboi likala theluji na kuitapika kwenye kioo, mkia ukapanda, na nikamwona Kapteni yuko chini yangu, kama ninamtazama kutoka ghorofani. Tukasimama hivyo kwa muda, wima. Nilipata hata nafasi ya kuanza shahada. Halafu ndege ikaamua. Ikalala chali taratibu, kama mzee anayejilaza baada ya chakula.

Nimewahi kusikia watu wakisema ajali inakuonyesha maisha yako yote. Mimi ilinionyesha mapipa mawili ya mafuta, yananing'inia juu ya kisogo cha Kapteni, na mikanda yangu. Niliihesabu. Niliihesabu tena. Haukulegea hata mmoja. Ningefunga pipa bila kuvuta mkanda mara ya pili, leo msingekuwa na mtu wa kumwuliza habari za baridi, na Kapteni asingekuwa na kichwa cha kuvalia miwani.

Somo la bure: ukijikuta unaning'inia kwa mkanda, usiufungue. Najua kidole kinawasha. Kwanza weka mkono kwenye dari, ambayo sasa ndiyo sakafu, ujibebe, ndipo ufungue. Kapteni alifungua kwanza. Ndivyo alivyovunjika mfupa wa bega. Ajali yenyewe ilikuwa imemwacha mzima.

Mimi hata nikitaka kufungua sikuweza. Kifungo kilikuwa kimekwama. Nikasikia nje mtu anahema na kutukana kwa lugha tatu. Mlango ukafunguliwa. Floribert, theluji imemfika magotini, ananitazama kichwa chake kikiwa upande wa juu na changu upande wa chini.

"Papa Sefu! Uko muzima?"

"Niko mzima. Niko kinyume tu."

Alitoa mkasi wake wa fundi, ule mkubwa mweusi ambao hakumruhusu mtu kukatia karatasi, akanishika bega kwa mkono mmoja, akakata mkanda kama anakata kitambaa cha suti. Nikamwangukia. Tukazama wote wawili. Hapo ndipo mguu wangu ulipoelewa kile ambacho redio haikuelewa.

"Floribert," nikasema, "hii ndiyo barafu yenyewe?"

Akashika kichwa. "Ile neige, Papa. Nilitaka kusema neige. Ilikuwa huku mudomoni. Nikaogopa mutanicheka."

Nimesikia maneno mengi makali maishani, nimesimama miaka na wachuuzi wa mjini hapa. Hakuna lililonikata kama hilo, na lilitamkwa na mtu anayeomba radhi.

Hali ya hewa ilipotulia ikaja ndege nyingine, imevaa ski, maana safari hii niliongea mimi kwenye redio. Kiongozi wa kambi alitibiwa na baadaye akatembea vizuri. Kapteni alifungwa bega. Ndege iliachwa pale chali mpaka ilipokokotwa. Kampuni ikapoteza ndege, na kampuni ikipoteza ndege hutafuta shingo.

Shingo ilipatikana haraka sana. Kapteni alisema aliambiwa barafu. Shomari alisema aliambiwa barafu. Wote wawili walisema kweli, na vidole vyote vikaelekea kwa Floribert, aliyetoa habari ya uongo kuhusu kiwanja. Tuliporudi Johannesburg tukaitwa Midrand. Floribert alijua kinachomngoja. Angefukuzwa, na kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kimeshonwa kwenye kazi ile. Uking'oa kimoja, cha pili kinachanika. Zaidi ya hapo angeondoka na jina: yule Mkongo aliyetaka kuua watu wawili. Kwenye kazi zetu jina la namna hiyo linafika kwa mwajiri kabla yako.

Asubuhi ya kikao nilimkamata Shomari kwenye maegesho. Mimi ni mtu wa kubishana bei, siendi mahakamani kabla ya kujaribu soko.

"Bwana Shomari," nikamwambia, "tufanye hivi. Sema tu neno lina maana mbili. Kila mtu aondoke na theluthi ya lawama. Theluthi haimuui mtu."

"Neno halina maana mbili," akasema. "Barafu ni barafu. Ile nyingine inaitwa theluji. Kama hajui, asiongee."

"Chukua robo."

"Sefu, Kiswahili si nyanya."

Sawa, nikasema moyoni. Tutaona kama si nyanya.

Meneja aliyesikiliza alikuwa mama mmoja wa Kihindi wa Durban, mkavu, asiyependa hotuba. Kiswahili hakujua hata salamu. Kapteni akaeleza. Shomari akaeleza, kwa Kiingereza chake cha kuvaa tai, jinsi lugha yetu ilivyo tajiri na jinsi watu wa sehemu fulani wanavyoiharibu. Floribert alikaa ameshika kofia. Alipoulizwa alisema, "Yes sir," kwa yule mama, na Kapteni akacheka.

Wakati Shomari anaendelea, mimi nilikuwa nikitazama friji. Kwenye kona ya chumba kile kulikuwa na kijifriji cha zamani cha chai, cha aina ile isiyojiyeyusha yenyewe, mlango wake wa juu haufungi vizuri kwa sababu ya kilichoota ndani. Nikaomba ruhusa. Meneja akadhani nataka maji. Nikachukua kijiko na visahani viwili. Nikakwangua ukutani mwa friji ile nyeupe, laini, ya unga, nikaijaza kwenye kisahani. Kwenye kisahani cha pili nikaweka kibonge kimoja kutoka kwenye trei. Nikarudi mezani.

"Bwana Shomari," nikamwambia kwa Kiswahili, nikisogeza kisahani cha kwanza, "samahani kukukatiza. Hii kwenu Kariakoo mnaiitaje?"

Akaitazama kwa dharau. Aliona swali la kitoto, na yeye swali la kitoto hawezi kuliacha lipite bila kulijibu. "Barafu, bwana. Friji lao limeota barafu, halijasafishwa mwaka mzima. Waambie walizime."

Nikasogeza kisahani cha pili. "Na hii?"

"Si bara—"

Nusu ya neno ilikuwa imeshatoka, na masikio hayarudishi bidhaa.

Meneja hakujua Kiswahili, lakini alijua kuhesabu. Alikuwa amesikia sauti ileile mara mbili. Akaweka kidole kwenye unga, kikazama. Akaweka kwenye kibonge, kikateleza. Akaweka kalamu chini.

"Ni neno moja?" akauliza.

"Kuna theluji!" Shomari akasema. "Kiswahili kina theluji!"

"Vizuri. Ulimwuliza kwa kutumia neno hilo?"

"Asingelielewa."

"Basi ulimwuliza kwa neno gani?"

Shomari akatazama visahani. Kile cha kwanza kilikuwa kimeanza kuyeyuka na kutoa maji. "Barafu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Floribert hakufukuzwa. Shomari naye hakufukuzwa, msitegemee dunia ya namna hiyo. Kapteni alihamia kampuni nyingine yenye miwani mizuri zaidi. Ofisi ilibandika ukutani bango kubwa lenye picha ya watu wanaotabasamu, linaloeleza umuhimu wa mawasiliano. Na kile kijifriji, nasikia, walikitupa.

Lakini kwenye redio mambo yalibadilika, na hili lichukueni, linafaa kuliko bango. Hatukumwuliza tena mtu yeyote jina la kilichopo chini. Tuliuliza: "Mguu unazama au unateleza?" Mkongo anajibu, Mzulu anajibu, Mrusi anajibu. Wazulu wenyewe wana iqhwa, na hiyo iqhwa ni ileile hadithi yetu ya barafu, laini na ngumu zote ndani. Jina la kitu linategemea umezaliwa wapi. Mguu hautegemei.

Nanyi vijana msijione mmepona. Mna ugonjwa wenu. Ukiwaeleza kitu mnasema "sharp", yaani sawa. Mmeelewa? Sharp. Mzigo mzito unaenda mbele? Sharp. Nyumba inaungua? Sharp, mzee. Nilimwuliza mmoja wenu kule ghalani Midrand nini maana ya maneno niliyomwambia, akakuna kichwa, akasema "Eish," na hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli la kwanza siku hiyo. Mtu asiyeelewa anayesema hajaelewa, huyo nitapanda ndege aliyoipakia.

Nao wakubwa wenu wana ugonjwa wao. Mtoto amezaliwa hapa, shuleni Kiingereza, mtaani Kizulu, anakusanya ujasiri wote alionao anasema, "Babu, nipe ile maji ya baridi." Mjomba anacheka mpaka anamwaga chai. Kisha mjomba huyohuyo analalamika msikitini na kanisani kwamba watoto wa siku hizi hawataki kusema Kiswahili. Watasemaje? Mnawaacha kwenye redio na kuwauliza ngeli.

Juzi nilikwenda mjini kumtembelea Floribert. Siku hizi ana cherehani mbili kwenye jengo moja la zamani katikati ya mji, ghorofa ya pili, juu yake kuna kanisa, kwa hiyo anashona kwa ngoma. Mkasi ni uleule. Tulikuwa tunakunywa chai alipoingia mzee mmoja na suruali ya kijivu begani. Shomari. Anaozesha binti, suruali imekuwa ndefu, au yeye amekuwa mfupi.

Walisalimiana vizuri. Watu wazima husalimiana vizuri.

"Nataka unitengenezee upindo," Shomari akasema.

Floribert akamtazama kwa uso mtupu kama sahani. "Upindo ni nini, Papa?"

"Upindo! Hapa chini, unakunja, unashona."

"Ah, Papa. Mimi Kiswahili yangu unaijua. Nikikata vibaya, utaenda kwa harusi na kaptula." Akauchukua mkasi, akaufungua, akaufunga. "Sema polepole. Unataka nini?"

Juu kanisani walikuwa wamefika kwenye pambio. Shomari akanitazama mimi. Mimi nikaitazama chai yangu. Akaitazama suruali, kitambaa kizuri, kisichopatikana tena dukani. Akautazama mkasi.

"Urle," akasema, lile neno la Kifaransa ambalo Floribert hulitumia kwa upindo.

"Urle ngapi, Papa? Moja?"

"Mbili," akasema Bwana Sanifu. "Miguu ni mingi."

Hakuna aliyemsahihisha kwamba ni miwili tu. Floribert alipiga magoti, akapima mguu wa kulia, akapima wa kushoto, kisha akarudi akapima wa kulia tena.